Kengele namba 1 iwe ya jiko la kushoto

Jana nimeunguza wali nikidhani kengele inayolia ni ya maharage. Kama taima yako ya jikoni ina kengele tatu, zipange kwa majiko, si kwa vyakula: namba 1 jiko la kushoto, 2 la kulia, 3 iache kwa mambo ya nje, mfano pampu ya maji. Ikilia, namba inayowaka na kuzima inakupeleka kwenye sufuria yenyewe. Maharage sitegi saa nzima. Natega dakika 25, nakagua maji, natega tena. Ukihamisha sufuria, mpango umevurugika. Kwenye mkaa usiitegemee, moto unapanda na kushuka. Wali niliopalia makaa bado nausikilizia kwa pua.