Rudi palepale: namna ninavyopiga picha mtaa unaobadilika

Mwaka wangu wa kwanza nilipiga vitu vilivyonivutia tu: rangi iliyobabuka ukutani, mlango mkongwe, jua la jioni dirishani. Nyumba zile zilipovunjwa, nikapekua picha zote na sikupata hata moja inayoonyesha zilikuwa zimesimama wapi. Iliniuma sana. Tangu hapo picha ya kwanza huwa ya mbali: jengo zima, jirani zake wa pande zote mbili, na kitu ambacho hakielekei kuondoka, kama mnara, daraja au kilima. Hicho ndicho kitakachokuonyesha pa kusimama wakati vingine vyote vimetoweka.

Natumia lenzi moja, ya milimita 35, na tundu lake la kupitishia mwanga naliweka f/8, yaani dogo kiasi, ili vya karibu na vya mbali vyote vionekane vizuri. Kamera iwe sawa. Ukiielekeza juu, kuta zitaonekana kama zinaanguka nyuma. Wala usingoje barabara iwe tupu. Mabango, magari na nguo za wapita njia ndivyo vitakavyoeleza ni miaka gani.

Kazi yenyewe ni kurudi. Andika daftarini ulisimama hatua ngapi kutoka kwenye kona, kamera ilikuwa juu kiasi gani, saa ngapi, mwezi gani. Usiiachie simu peke yake, maana ramani yake huweza kukosea kwa mita kadhaa. Ukirudi, fungua picha ya zamani utazame vitu viwili vinavyopishana, tuseme pembe ya paa na dirisha lililo nyuma yake. Sogea kushoto na kulia mpaka pembe iguse dirisha palepale ilipogusa zamani, halafu mbele na nyuma mpaka ukubwa ulingane. Rudi pia mwezi uleule na saa ileile, vivuli vifanane.

Charles Marville, aliyekuwa mpiga picha wa jiji la Paris tangu 1862, alipiga vichochoro vilivyopangwa kubomolewa, kisha baadaye akapiga barabara pana zilizofunguliwa. Nasi tuwahi: ukiona alama za rangi ukutani, vigingi vya wapima ardhi au uzio wa mabati, nenda wiki hiyohiyo.

Wenye mtaa wasalimie kwanza, kamera ikiwa imeshushwa. Anayehamishwa kwa lazima ana haki ya kukataa uso wake kupigwa picha, na akikataa, basi. Akikubali, mpelekee picha yake iliyochapishwa kabla hajahama. Muulize, "Hapa palikuwa na nini zamani?" Jibu liandike siku hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe.

Nyumbani, yape mafaili majina yanayoanza na tarehe: mwaka, mwezi, siku, kisha mtaa na namba ya kituo ulichosimama. Weka nakala tatu, moja ikae katika jengo jingine kabisa. Daftari nalo lipige picha, kurasa zote, ulihifadhi humohumo.