Kuvuka Nyandarua kwa gari siku moja: mlima kwanza, starehe baadaye

Watu wengi wa Nairobi wakitaka kuzurura na gari wikendi wanaishia Naivasha, wanakula samaki, halafu Jumapili jioni wanakaa kwa foleni ya kurudi mpaka usiku. Na kumbe asubuhi kukiwa hakuna mawingu, ukiwa Thika Road unaiona milima ya Nyandarua imelala pale kaskazini, ile wazungu waliita Aberdare, na huko juu kuna nyika baridi ya nyasi ndefu na mito na maporomoko ambayo unaeza kuivuka kwa gari na ulale kwako usiku huohuo. Mimi naipenda hii safari kuliko zote za karibu na Nairobi na nataka watu wengi waifanye, lakini waifanye vizuri.

Njia yenyewe ni hii: unatoka na barabara ya Nakuru, unapita Limuru na Kimende mpaka Flyover pale Soko Mjinga, unakunja kulia kuingia Njabini, unafuata lami hadi Engineer na Ndunyu Njeru, hapo unaanza kupanda mpaka geti ya Mutubio, unavuka nyika ya juu ndani ya Mbuga ya Aberdare, unashuka na geti ya Ruhuruini, unatokea Nyeri, halafu Karatina, Sagana, Thika, nyumbani. Ni duara. Hurudii barabara, na ile foleni ya jioni unaikwepa kabisa kwa sababu unaingia mjini na Thika Road.

Sasa, kitu cha kushika kuliko vyote ni mpangilio wa saa. Mlima kwanza, starehe baadaye. Asubuhi hewa ya huko juu ni safi, lakini jua likishika mashamba ya chini hewa yenye unyevu inaanza kupanda mlima, inapoa, inakuwa mawingu, na ikifika saa sita saba hivi nyika yote inaeza kuwa imefunikwa na ukungu na mvua imeanza. Watu wengi hufanya kinyume: brekfasti ndefu Limuru, picha pale kwa vyupoint, kununua waru (viazi), kupiga stori, halafu wanafika getini saa saba, wanaona weupe tu mbele ya kioo na wanasema huko hakuna kitu. Kiko. Walichelewa tu.

Kwa hivyo toka saa kumi na moja alfajiri. Najua ni mapema, lakini ndio inakupa ruhusa ya kuenda polepole siku yote iliyobaki. Saa kumi na mbili na nusu uwe Flyover au karibu, na huko juu ya Kimende na Kinale shika usukani vizuri manake ukungu wa alfajiri hapo ni mzito na malori ni mengi, washa taa za chini, si ful, ful inarudi kwa macho yako mwenyewe.

Msimu mzuri ni Januari na Februari. Usiku mawingu hayako, baridi inashuka mpaka sakitu inaanguka na kuchoma waru za watu wa Kinangop, lakini asubuhi unapata mwanga safi ajabu. Machi mpaka Mei usijaribu, mvua ni ya masika na barabara ya ndani ni udongo. Julai na Agosti hakuna mvua nyingi ila mawingu yanaeza kukaa chini wiki nzima.

Gari. Hii sehemu ya mbugani inataka 4x4 iliyoinuka, na nasema hivyo kwa nia njema kabisa. Kwa jua kali kuna watu wamepita na gari ndogo, lakini mvua ya nusu saa tu inageuza ule udongo sabuni, na mteremko wa kushuka Ruhuruini si mahali pa kubahatisha. Kama huna, angalia mwisho nimeweka njia ya gari ya kawaida. Kagua breki, kagua spea na jeki, jaza tangi Nairobi na usitegemee kupata mafuta mpaka Nyeri. Beba koleo, kamba ya kuvuta, maji, na nguo: jaketi zito, kofia ya sufu, soksi. Joto hupungua karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na wewe unatoka mita 1,700 na kitu za Nairobi unapita zaidi ya 3,000, halafu upepo juu yake. Watoto wafunikwe. Mtu mwenye shida ya moyo au mapafu aulize daktari kwanza, na nyinyi wengine kichwa kikigonga kidogo kunyweni maji, pumzikeni, msikimbie kimbie mkishuka kwa gari.

Malipo ya mbuga hayapokewi kesh, unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na hili lifanye nyumbani usiku uliotangulia kwa sababu netiweki ya Mutubio huwezi kuitegemea. Piga skrinshoti ya risiti. Waulize wa mbuga pia hali ya barabara ya ndani na saa ya kufungwa kwa geti, wakikwambia pamefungwa sababu ya mvua amini, walinzi wa huko wanaijua ile njia vizuri. Na ramani pakua kabla hujatoka.

Njabini ndipo pa kusimama asubuhi, lakini mara moja tu. Ingia kwa hoteli yoyote ndogo yenye moshi unatoka nyuma, agiza chai ya maziwa na chapo, jaza na thamosi. Maziwa ya hapa ni ya ng'ombe waliokamuliwa alfajiri hiyohiyo na utasikia tofauti. Salimia watu, ukijua kusema wimwega sema, shosh akiwa amekaa kwa mlango msalimie yeye kwanza. Ukitoka hapo umeingia Kinangop, uwanda ulionyooka ulioko mita kama 2,500 hivi, mlima kulia, na kushoto ardhi inakatika kuelekea Bonde la Ufa. Mashamba ni waru, kabeji, karoti, kondoo wamejaa sufu. Enzi za ukoloni hapa palikuwa pa walowezi, na baada ya uhuru yale mashamba yakakatwa na watu wakapewa makazi, ndio unaona maboma yamepangwa na mipaka imenyooka.

Kama una darubini punguza mwendo kwa vile vipande vya nyasi vilivyobaki. Kuna ndege mdogo wa kifua cha njano, Macronyx sharpei, haishi popote duniani ila nyanda za juu za Kenya, na Kinangop ndio ngome yake. Anataka nyasi zenye mashungi, na kila shungi likilimwa anapungua. Mimi nikimwona siku inakuwa imeshalipa. Usiingie shamba la mtu kumfuata, simama barabarani, omba ruhusa.

Njabini pia ndiko liliko bwawa la Sasumua, maji yake yanaenda Nairobi. Na Ndakaini, lile kubwa zaidi lililokamilika 1994, linajazwa na mito ya mlima huuhuu upande wa Murang'a. Kwa hivyo ukifungua bomba Umoja au Kawangware na maji yakatoka, kuna uwezekano mkubwa yalianzia hizi nyasi unazoenda kuziona. Hii peke yake ni sababu ya kupeleka watoto.

Ukiacha Ndunyu Njeru barabara inaanza kupanda. Unaingia msitu, halafu mianzi pande zote mpaka inafanya giza, na hapo kwa mianzi enda taratibu sana, kona ni nyingi na tembo na nyati wanatumia barabara hiyohiyo. Ukikuta tembo simama mbali, usipige honi, usizime injini, mpe muda. Nyati dume aliye peke yake ndiye wa kuogopwa zaidi. Usishuke gari ila pale pameruhusiwa. Mbuga ilianzishwa 1950, na msitu wake umezungushwa ua wa umeme wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009, ukilinda wanyama na pia waru za watu, na nadhani ni kati ya kazi nzuri zaidi tuliyofanya kwa mazingira nchi hii.

Halafu mianzi inaisha ghafla na uko juu. Mbingu inafunguka. Nyasi za mashungi rangi ya dhahabu, vichaka vya erika, lobelia zimesimama kama nguzo, mito midogo ya maji meusi baridi inakata barabara, na kimya. Kusini kuna kilele cha Kinangop chenye mita 3,906, na mbali kaskazini Satima, 4,001. Hii ndiyo sababu uliamka mapema, kwa hivyo usiharakishe, umejipa masaa matatu. Zima redio. Fungua dirisha hata kama ni baridi. Enda kilomita ishirini kwa saa, simama, angalia, enda tena. Pakiti ya krisps itakuwa imefura kama puto kwa sababu ya presha ya hewa, watoto hupenda sana hiyo.

Kati ya maporomoko yote, ukiwa na muda wa moja tu, chagua Karuru. Maji yanaanguka kwa ngazi tatu, jumla mita 273, unaangalia ukiwa juu kabisa mahali penye jukwaa la mbao, na ng'ambo ya bonde unaona maporomoko ya Gura nayo yanaruka kutoka ukingoni. Shikilia watoto mkono. Chania ni ndogo lakini unaikaribia zaidi na ni pazuri kwa kunywa ile chai ya Njabini. Takataka zote rudi nazo, mpaka ganda la ndizi.

Saa sita ikifika anza kushuka, hata kama bado kunapendeza. Hii ndio kanuni sibadilishi. Ushuke na gia, si breki: gari ya manual weka ya pili au ya kwanza, otomatiki weka L au 2, gusa breki kidogo kidogo tu. Ukisikia harufu ya kuungua simama dakika ishirini zipoe, usizimwagie maji. Pakiwa na matope usikate kona kwa nguvu, na usifuate mitaro ya magari mengine kama ina kina.

Ukitoka Ruhuruini sasa starehe imeanza. Vijiji vya Nyeri vimekaa kwa matuta, chai juu, kahawa chini, mito katikati. Ni upande huu, Ihithe, Wangari Maathai alizaliwa 1940, na ukiangalia miti iliyobaki kwa kingo za mito unaelewa alichokuwa akipigania. Ni pembezoni mwa msitu huu pia Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba 1956. Waambie watoto hizo habari hapohapo barabarani, zinaingia vizuri kuliko darasani.

Chakula kula Nyeri mjini, mukimo na nyama choma, kaa, nyoosha miguu. Soko fanyia Karatina, soko kubwa, ndizi, avokado, nduma, bei utapatana, ukisema mathe nipunguzie kidogo unapunguziwa. Ukitoka Nyeri kabla ya saa kumi unafanya kilomita 150 hivi na unaingia Thika Road giza likianza, si usiku wa manane.

Na gari ya kawaida? Fanya Flyover, Njabini, Engineer, Ndunyu Njeru, lami yote, halafu geuza urudi njia hiyohiyo ukisimama penye ulipita asubuhi haraka. Hapo sasa ndio unanunua waru, uliza aina ya shangi, angalia isiwe na kijani, na karoti za Kinale ukirudi. Uwe umeshapita Flyover saa tisa, na ukiweza fanya Jumamosi badala ya Jumapili kwa ajili ya ile foleni ya kutoka Naivasha.