Jinsi ya kuelewa maneno ya jotoardhi

Wadau wa Arusha na Moshi, kila tukienda kuogelea Chemka, ile chemchemi ya maji ya uvuguvugu pale Boma Ng'ombe, lazima mtu aulize kwa nini wasizalishe umeme hapa, na swali ni zuri sana ila ili ulijibu lazima maneno yenyewe uyajue.

Jotoardhi ni joto la chini ya ardhi, basi. Sehemu nyingi duniani ukichimba kilomita moja joto linapanda kama nyuzi 25 hadi 30, ila kwenye Bonde la Ufa, mfano kule Natron karibu na Ol Doinyo Lengai, joto la volkano liko karibu zaidi na juu.

Sasa chukua sufuria ya maharage. Moto ni mwamba wa moto kule chini, sufuria na maji yake ni miamba yenye nyufa iliyojaa maji, hii inaitwa hifadhi ya jotoardhi, na mfuniko ni tabaka la udongo wa mfinyanzi linalozuia mvuke usitoroke. Kikikosekana kimoja umeme unakuwa mgumu.

Hapa kwenye presha ndo wengi wanapotea. Maji kule chini yanaweza kupita nyuzi 200 na bado hayachemki, kwa sababu yamebanwa! Angalia presha kuka, ukinyanyua kile kidude cha juu mvuke unatoka kwa kelele fssss. Kwenye kisima kilichochimbwa hadi kwenye hifadhi ni hivyohivyo, maji yakipanda presha inashuka, sehemu yake inageuka mvuke palepale, mvuke unazungusha turbaini, yaani gurudumu lenye mapanga, na turbaini inazungusha jenereta. Olkaria, jirani na Naivasha kwa wenzetu Kenya, wanapata umeme hivyo tangu 1981.

Maji yakiwa na joto dogo, tuseme nyuzi 120, unatumia mtambo wa bainari, yaani yanapasha kimiminika kingine kinachochemka mapema na mvuke wa hicho ndo unafanya kazi.

Halafu kuna kisima cha kurudishia, na hiki nawaomba msikisahau, maji yaliyopoa yanarudishwa chini ili hifadhi isiishiwe maji, na pia chumvi za maji hayo zisiingie kwenye mito tunayomwagilia migomba.

Kwa hiyo Chemka? Maji yale hayachomi, watoto wanaogelea humo, na kwa kuyaangalia tu huwezi kujua chini kuna nini, ndo maana wataalamu wanapima kwanza kemia ya maji na gesi na kuichunguza miamba, maana kisima kirefu kimoja tu kinakula mamilioni ya dola. Akija mtu kukuambia eneo fulani lina jotoardhi, muulize nyuzi ngapi na kina gani.