Somo: Kuwasha upya huduma kwenye seva iliyo nyuma ya faiawoli bila kujifungia nje

Wakuu, somo hili ni la Ubuntu. Mfano wetu ni Nginx (programu inayohudumia tovuti) kwenye seva ya ndani, 10.0.0.5, isiyofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Tunapitia seva ya mlangoni, ambayo ndiyo pekee iliyofunguliwa poti 22 (ya SSH, njia ya kuingia seva kwa mbali) kutoka intaneti.

Hatua ya 1. Ingia (`fundi` ni jina la mtumiaji, `mlango` ni seva ya mlangoni):

`ssh -J fundi@mlango fundi@10.0.0.5`

Ufunguo wako wa siri ubaki kwenye kompyuta yako, usiunakili kwenye seva ya mlangoni. Kisha fungua dirisha la pili, ingia tena, uliache wazi. Wengi huruka hapa, na ndipo msala unapoanzia.

Hatua ya 2. Kagua mipangilio kabla ya kugusa kitu:

`sudo nginx -t`

Ukisahau nukta mkato moja tu kisha ukaiwasha upya kwa `restart`, Nginx iliyokuwa inapiga kazi vizuri itazimwa na kugoma kuwaka. Amri hii inakutajia faili na mstari wenye kasoro.

Hatua ya 3. Kama umebadilisha mipangilio tu:

`sudo systemctl reload nginx`

Waliokuwa wanahudumiwa hawakatwi. `restart` iachie huduma iliyoganda au iliyosasishwa.

Hatua ya 4. Amri ikinyamaza usishangilie bado:

`systemctl status nginx`
`journalctl -u nginx -n 50`
`curl -I http://localhost`

Ikijibu hapo lakini kwenye kivinjari hupati kitu, usiisumbue Nginx. Angalia poti 80 na 443 (za tovuti) kwenye ufw, faiawoli ya Ubuntu, kwa `sudo ufw status`.

MASWALI

*Mkuu, nikiiwasha upya ssh yenyewe si nitatupwa nje?*

Hutupwi, uliyeingia unabaki. Shida ni kuingia tena. Anza na `sudo sshd -t`, kisha `sudo systemctl restart ssh`, halafu jaribu kwa dirisha jipya kabla hujafunga la zamani.

*Nimebadilisha Port kwenye sshd_config (faili la mipangilio ya ssh), Ubuntu 24.04, bado iko 22 tu.*

Huko poti inashikwa na ssh.socket, sehemu ya systemd inayosikiliza kwa niaba ya ssh. Fungua kwanza poti mpya kwenye faiawoli, kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl restart ssh.socket`.

*Nataka kujaribu sheria mpya za ufw na seva iko mbali. Nifanyeje?*

Tega kwanza ufw ijizime baada ya dakika 10, kwa `at`, amri ya kupanga kazi ya baadaye:

`echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes`

Ukijifungia nje, subiri, itajizima yenyewe. Mambo yakienda sawa, tazama namba ya kazi kwa `sudo atq`, uifute kwa `sudo atrm` ikifuatwa na namba hiyo. Kama `at` haipo, `sudo apt install at`.