Kesi ya ulezi wa mtoto: andaa hesabu ya mtoto kabla ya makosa ya mwenzako

Wazazi wengi huingia ofisi za mawakili Nakuru au Kisumu wakiwa na orodha ndefu ya makosa ya mwenzao na hawana hata nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Tenganisha mambo haya mawili mapema. Talaka huamuliwa kwa Sheria ya Ndoa ya 2014, na mambo ya mtoto kwa Sheria ya Watoto ya 2022. Ni faili mbili, na ya mtoto haingoji ya talaka. Hata waliokaa njoo-tukae, yaani bila ndoa rasmi, wana wajibu sawa kwa mtoto: Katiba, Kifungu cha 53, inasema hivyo waziwazi.

Hatua ya 1: Ofisi ya watoto

Anzia kwa ofisa wa watoto wa kaunti ndogo anakoishi mtoto. Huduma ni ya bure. Beba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na nambari ya simu ya mwenzako, naye ataitwa. Mkielewana, andikeni makubaliano yenye tarehe na viwango. "Baba atasaidia anavyoweza" ni maneno matupu. Andikeni hivi: Sh6,000 kila tarehe 5 kwa M-Pesa, karo moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, mtoto achukuliwe Jumamosi saa tatu asubuhi na arudishwe Jumapili saa kumi jioni. Kisha yapelekeni kortini yawe amri. Karatasi ya kwa chifu ni ushahidi tu. Haimfungi mtu akikaidi.

Kama kuna kipigo au vitisho, ruka hatua hii. Omba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani.

Hatua ya 2: Kufungua kesi

Kesi hufunguliwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama: madai, hati ya kiapo (maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli) ya kuyathibitisha, taarifa za mashahidi na stakabadhi. Mtoto akiwa amefichwa au amefukuzwa shule, ambatisha ombi la dharura. Asiye na pesa za wakili, na hasa akina mama, wajaribu ofisi ya FIDA, shirika la mawakili wanawake, iliyoko Kisumu.

Hatua ya 3: Hati ya kiapo ya mapato na matumizi

Hapa ndipo kesi nyingi hukwama. Hakimu anataka kuona anachohitaji mtoto na uwezo wa kila mzazi.

Piga hesabu kwa mwezi. Karo ya Sh18,000 kwa muhula ni Sh54,000 kwa mwaka, yaani Sh4,500 kwa mwezi. Kodi ya nyumba usiitwike yote kwa mtoto: mkiwa watatu kwenye nyumba ya Sh9,000, fungu lake ni Sh3,000. Fanya vivyo hivyo kwa chakula, nauli, matibabu, sare na mshahara wa yaya. Usitie chumvi. Ukiandika Sh20,000 za chakula cha mtoto wa miaka mitatu, hakimu ataanza kutilia shaka hata karo ambayo ni ya kweli.

Risiti za supamaketi hufifia zikabaki nyeupe. Zitolee nakala wiki hiyohiyo.

Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita ni bora kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Iombe kupitia *334# au programu ya M-Pesa, itakuja kwa barua pepe. Kabla ya kuiwasilisha, ipitie kwa kalamu. Wakili wa upande wa pili atajumlisha kila shilingi iliyoingia na kuiita mshahara wako: pesa za chama ulizoshikia wenzako, mkopo, hata Fuliza, ile deni ya M-Pesa salio likiisha. Weka alama pembeni na ueleze kila moja ndani ya hati.

Taarifa hiyo, pamoja na picha za mazungumzo ya WhatsApp, inahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachoeleza ilitoka kwenye kifaa gani na nani aliichapisha. Bila cheti hicho, pingamizi moja inaweza kuiondoa. Hati ya kiapo usiitie sahihi nyumbani. Tia mbele ya kamishna wa viapo, yaani aliyeidhinishwa kushuhudia viapo, naye agonge muhuri kwenye kila kiambatisho. Wengine hugongewa ukurasa wa mwisho pekee, na hapo pingamizi hupata pa kuingilia.

Hatua ya 4: Kumfikishia mwenzako

Samansi, yaani wito wa kortini, zinaweza kutumwa hata kwa WhatsApp. Hifadhi uthibitisho kwamba zilifika, kisha wasilisha hati ya kiapo ya kufikisha.

Hatua ya 5: Ripoti ya ofisa wa watoto

Korti ikiagiza ripoti, ofisa atakuja nyumbani na atazungumza na mtoto. Usimfunze maneno, mtoto wa miaka sita anayesema "mzazi wangu amekiuka wajibu wake" anakuharibia. Na akina baba wasikate tamaa mapema: ni kweli korti zimezoea kumwachia mama watoto wadogo, lakini sheria ya 2022 inasema hakuna mzazi mwenye haki zaidi ya mwenzake, na kinachopimwa ni maslahi ya mtoto.

Hatua ya 6: Baada ya amri

Lipa kwa M-Pesa au benki, kamwe si pesa taslimu. Mwenzako asipolipa, usimzuie kumwona mtoto. Malipo na ziara ni amri mbili tofauti, na ukizuia unavunja yako. Rudi kortini aitwe kujieleza. Asipokuwa na sababu anaweza kufungwa jela ya madeni. Mtoto akihamia shule ya karo kubwa, au mmoja wenu akipoteza kazi, omba amri ibadilishwe, ukiwa na hati mpya ya mapato.