Panga matembezi ya pwani kwa kufuata mwezi

Mnaofundisha watoto nyumbani na mnaishi pwani, msichague siku ya kwenda baharini kwa kuangalia Jumamosi. Angalieni mwezi. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na kwa Dar es Salaam na Mombasa maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Hapo mwamba unabaki wazi, na siku ikiangukia Jumanne ninyi mna nafasi ya kwenda!

Fikeni dakika tisini kabla ya maji kupwa kabisa, mtembee mkifuata maji yanavyorudi. Wape watoto kijiti wakichomeke ukingoni mwa maji, wangoje dakika kumi, kisha wahesabu hatua. Wangu walipiga kelele walipoona maji yameshaachana na kijiti. Kwenye vidimbwi mtaona viti vya pweza (viumbe wenye umbo la nyota), majongoo bahari na kaa wadogo wanaojificha mchangani.

Viatu vya kufunga ni lazima, kwa sababu ya urumba, mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima. Konokono wenye kombe la umbo la koni wasiguswe kabisa, wana sumu. Maji yakianza kujaa, geukeni mara moja. Yanaweza kuwazunguka kwa nyuma.

Msimu mzuri ni kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa shwari. Wiki mbili kabla, watoto wachore mwezi kila usiku, halafu waitaje siku ya safari wenyewe.