Namna ya Kuratibu Utafiti Mkubwa wa Pamoja kuhusu Vinasaba vya Ugonjwa wa Alzheimer

Mratibu wa utafiti wa aina hii hana budi kuelewa kwanza kwa nini unahitaji watu wengi. Aina ya jeni ya APOE iitwayo ε4, iliyohusishwa mwaka 1993 na ugonjwa wa Alzheimer, unaopoteza kumbukumbu hasa uzeeni, huongeza hatari kwa kiasi kikubwa na kwa hiyo iligunduliwa mapema. Jeni nyingine nyingi huongeza hatari kidogo sana. Kwa kuwa alama za vinasaba zinazopimwa, yaani sehemu za DNA ambazo watu hutofautiana, hufikia mamilioni, bahati tupu inaweza kuzalisha maelfu ya majibu ya uongo. Ndiyo maana watafiti hukubali tu tokeo ambalo uwezekano wake wa kutokea kwa bahati haufiki 5 katika milioni 100. Hakuna hospitali moja yenye wagonjwa wa kutosha kufikia kiwango hicho.

Mfano mzuri wa kuiga ni mradi wa kimataifa wa vinasaba vya Alzheimer uitwao IGAP, uliounganisha mwaka 2011 miungano minne ya watafiti wa Ulaya na Marekani: ADGC, CHARGE, EADI na GERAD. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umechapisha uchambuzi wa watu 74,046 na kubaini maeneo mapya 11 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa.

Anza kwa kukubaliana nani ahesabiwe kuwa mgonjwa. Kazi hii huchosha, na wengi huiharakisha, ilhali ndiyo inayoamua thamani ya yote yatakayofuata. Kituo kimoja huwa kimethibitisha ugonjwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo, kingine kimetegemea mahojiano na vipimo vya kumbukumbu, na cha tatu kina rekodi za hospitali pekee. Andikeni vigezo vya pamoja, na kila kituo kieleze kilivyowatambua wagonjwa wake. Kwa wasio wagonjwa, dai umri wao walipopimwa mara ya mwisho, kwani mtu mzima wa afya mwenye miaka 60 anaweza kuugua akifika 80, na akiwa amewekwa upande wa wazima atafifisha tofauti mnayoitafuta.

Kisha andaa mpango mmoja wa uchambuzi, uidhinishwe na wote kabla ya yeyote kuona matokeo. Si lazima data za mtu mmoja mmoja zivuke mipaka. Kila kikundi kinaweza kufanya hesabu kwake na kutuma muhtasari wa matokeo kwa kila alama, nawe ukaujumlisha. Hakikisha vikundi vyote vimesoma aleli, yaani namna tofauti za alama moja, kwa kufuata uzi uleule kati ya nyuzi mbili za DNA, la sivyo kinachoongeza hatari katika kituo cha Lille, Ufaransa, kitaonekana kinga katika kile cha Cardiff, Uingereza. Chunguza pia kama kuna washiriki waliojiandikisha katika tafiti mbili.

Matokeo yenye dalili nzuri yapimwe upya kwa watu wengine kabisa. IGAP walichagua alama 11,632 na kuzipima kwa wagonjwa 8,572 na wasio wagonjwa 11,312 ambao hawakuwamo katika hatua ya kwanza.

Masuala ya ridhaa, umiliki wa sampuli na majina ya waandishi yaafikiwe kwa maandishi mapema, maana huamsha ugomvi zaidi kuliko takwimu. Fomu ya ridhaa isiyotaja kushirikisha data na nchi nyingine haiwezi kurekebishwa kwa barua ya mratibu. Itabidi kamati ya maadili iulizwe, na pengine washiriki wenyewe.

Mwisho, tazama nani hayumo. Sampuli nyingi hadi sasa ni za watu wa asili ya Ulaya, ingawa imeonekana kwamba ε4 huongeza hatari zaidi kwa Wazungu kuliko kwa watu wa asili ya Afrika. Anayeongeza kituo cha Afrika Mashariki asitafsiri tu maswali ya kumbukumbu kwa Kiswahili. Ayajaribu kwanza kwa wazee wazima wa eneo hilohilo, wakiwemo wasiowahi kwenda shule, kwa sababu kipimo kinachomtaka mzee aandike sentensi kinaweza kumhesabu mgonjwa mtu ambaye hakufundishwa kuandika.